Luteni Gibson Asava: Afisa Aliyewataka Waingereza Waongeze Mabaharia

Luteni mstaafu Gibson Asava Kidake alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 hapa hapa Chavakali, mtoto wa tatu wa Mzee Yekoniya Kidake na Mama Peninah. Maji mengi kuliko yote aliyoyajua utotoni yalikuwa ya mtungi wa mamake, na hayo alikatazwa kuyachezea.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza kidato cha nne mwaka 1971. Mwaka uliofuata alikwenda Kakamega walipokuwa wakiandikisha wanajeshi. Alipoulizwa kama anajua kuogelea, alijibu, "Nitajua, Afande." Akachukuliwa Jeshi la Wanamaji, kambi ya Mtongwe, Mombasa. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa tayari amejiandikisha kuilinda.

Tarehe 8 Desemba 1979 alifunga ndoa na Loise Kageha. Wakati wa posa, wazee wa upande wa Loise walitaka kujua huyu kijana atakuwa akiishi wapi.

"Melini," akasema.

"Na mke?"

"Nchi kavu. Mmoja wetu lazima akumbuke nyumbani ni wapi."

Wazee walicheka, wakakubali. Mungu aliwajalia watoto wawili, Everlyn na Cyrus.

Mwaka 1984 Jeshi lilimpeleka Uingereza kwa miezi kumi na minne kujifunza kupambana na moto na maji ndani ya manowari. Mwalimu wake alikuwa baharia mkongwe wa Kiingereza ambaye meli yake iliungua vitani miaka miwili kabla. Kila jioni saa kumi na mbili alikuwa akiwafunga wanafunzi vitambaa machoni, wazunguke meli nzima wakipapasa mlango mmoja mmoja kuhakikisha umefungwa, kisha waje kutoa ripoti. Gibson alirudi nyumbani na koti zito ambalo hapa Maragoli halikuwa na kazi, na imani moja ambayo hakuiacha hadi kufa: moto ukiingia melini, kinachookoa meli ni mikono ya watu, na mikono iwe mingi.

Alistaafu mwaka 1998 akiwa Luteni. Alijaribu kufuga kuku wa mayai. Kuku walipangiwa zamu, wakakataa. Mwaka 2001 alipata kazi Dubai, msimamizi wa walinzi katika jengo la ghorofa kumi na nne huko Al Mankhool. Yeye na wenzake walikaa Al Nahda, watu sita chumba kimoja.

Siku ya mapumziko, wenzake walipokuwa wakilala au kupiga simu nyumbani, Luteni alikuwa amekaa saiba, kwenye duka la intaneti, akisoma habari za manowari za Waingereza. Hakuzichukia hata kidogo. Alizisema kama mtu anayemsema mtoto wa kumzaa. Waingereza walipoteremsha manowari mpya majini mwaka 2006, aliisifu rada yake wiki nzima. Kisha akasoma kwamba meli hiyo itaendeshwa na watu wasiofika mia mbili, ilhali zile za zamani zilibeba karibu mia tatu. Alikosa usingizi.

"Hao mia waliopungua," alimwuliza Shem, mlinzi aliyelala kitanda cha juu yake, "moto ukiwaka watakodishwa wapi?"

Nyambizi mpya ya mwaka 2007 ilimpendeza zaidi. Inajitengenezea maji na hewa yake yenyewe, na kinachoilazimu kurudi juu ni chakula kuisha. "Kama nyinyi," aliwaambia walinzi wake. "Njaa peke yake ndiyo inayowaamsha." Ila hakumsamehe aliyeondoa darubini ya zamani na kumwekea nahodha runinga. Hata mpwa wake mmoja aliyekatiza diploma ya uhandisi hakuponea: "Diploma yako ni nyambizi, kijana. Ikizama tuliiona. Kuibuka bado."

Aliwaandikia wakubwa wa wanamaji wa Uingereza barua tatu. Hazikujibiwa. "Wamesoma," alisema. "Wanaona haya."

Kule Al Mankhool alifuata utaratibu ule ule wa mwalimu wake. Kila jioni saa kumi na mbili walinzi wanne walipanda ngazi kukagua milango ya kuzuia moto, kisha wakatoa ripoti. Wapangaji walimwona mkorofi. Bi Kuruthum, Mzanzibari wa ghorofa ya tatu, alizoea kuuegemeza mlango wa ngazi kwa gunia la vitunguu ili upepo uingie.

"Baba weye, mlango huu umekukosea nini?"

"Haujanikosea, Bi mkubwa. Nataka usije ukakukosea wewe."

Oktoba 2007 jengo lilifungwa kamera mpya. Bwana Maan, meneja wa jengo, akamletea Luteni ratiba ya zamu aitie sahihi. Walinzi wanne walikuwa wamekuwa wawili. Waliokatwa ni Shem na Yowasi, kijana wa Uganda, na wote wawili wangefutiwa visa.

"Kamera inaona kila kitu," alisema Bwana Maan.

"Inaona, sir. Inafunga mlango?"

"Gibson, weka sahihi. Yalla."

"Waingereza niliwaandikia hawakunijibu, kwa sababu wako mbali. Wewe uko hapa. Siweki."

Bwana Maan alimwambia waziwazi kwamba asiposaini, visa ya tatu kufutwa itakuwa yake. Luteni alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano, na Cyrus alikuwa bado chuoni. Hakusaini. Aliomba kitu kimoja tu: Alhamisi saa kumi na mbili jioni, umeme wa jengo uzimwe, na meneja apande naye ngazi akiwa na saa mkononi.

Tarehe 15 Novemba umeme ukazimwa, na kamera zote zikazimika nao. Walinzi wawili walikagua ghorofa kumi na nne kwa dakika thelathini na moja. Wanne walitumia dakika kumi na nne. Katika mzunguko wa kwanza Bwana Maan alifika ghorofa ya tisa akihema, sambamba na walinzi, akakuta mlango wa moto uko wazi kabisa, umezuiwa na maboksi matupu yaliyoachwa hapo mchana huo. Akayamulika kwa tochi. Yalikuwa maboksi ya kamera zake mwenyewe.

Luteni hakusema neno. Shem anaapa kwamba hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote aliyowahi kumwona akiifanya.

"Khalas, basi," alisema Bwana Maan. "Wanne."

Septemba 2008 Luteni alianza kuumwa mgongo. Januari madaktari wakagundua saratani ya kongosho. Loise alisafiri akakaa naye. Bi Kuruthum alimletea uji wodini kila siku, na kila siku aliapa mbele yake kwamba gunia la vitunguu liko jikoni. Saa kumi na mbili jioni simu ililia bila kukosa.

"Ghorofa kumi na nne. Milango yote imefungwa, Afande."

"Vema. Endeleeni na zamu."

Jumanne tarehe 14 Aprili 2009 simu ililia kama kawaida. Loise alimwekea sikioni. Midomo ilisogea, sauti haikutoka. "Amesikia," Loise akamwambia Shem. Robo saa baadaye Luteni alituaga.

Ameacha mjane, Loise, watoto, Everlyn na Cyrus, mjukuu, Mercyline, mamake, Peninah, dada na ndugu wanne, wapwa wengi, mmoja akiwa na masomo ya kumaliza, na walinzi wanne wa Al Mankhool, wote wakiwa bado kazini.

Jana jioni, watu wakiwa wamejaa hapa uani na jeneza liko sebuleni, simu ya marehemu ililia mkobani mwa Loise. Ilikuwa saa kumi na mbili kamili za Dubai. Yowasi alisoma ripoti yake yote, ghorofa kwa ghorofa, kisha akasubiri jibu.

Loise alijipangusa macho, akasimama wima.

"Vema," akasema. "Endeleeni na zamu."

Yako imekwisha, Afande. Pumzika.