Neno lililokosekana kwenye kamusi

Katika boti ya kwenda Kilwa, Mama Léonie alimwonyesha Plamedie, mwanafunzi wa bweni asiyemjua, kamusi ya Kiingereza aliyokuwa akimpelekea binti yake. "Nimeitafuta mpaka Mansa, ng'ambo ya ziwa. Iko na maneno yote."

Plamedie aliifungua kwa heshima ya mazishi. "Mama, 'bro' iko, ni ndugu. Lakini 'bruh' haiko. Siye tunaisema mutu akituchosha."

"Haiwezi kukosa."

"Ni maneno ya batoto tu, mama."

"Na mutoto yangu benzake bakimucheka?" Akamtolea biki. "Andika pale pembeni. Kitabu ni yangu."

Plamedie, aliyewahi kufyeka nyasi siku tatu kwa kuchafua vitabu vya shule, aliandika neno na maana yake kwa mwandiko wa mtihani. Boti ikagusa mchanga. Mama Léonie akapuliza wino, akashuka majini hadi magotini, kamusi kichwani, mizigo mingine ikimsubiri botini.