Kitasa cha Upande wa Nje

Kwa niaba ya familia, dada mkubwa wa marehemu, ambaye ndiye anayewasomea, anaomba mmvumilie, kwa kuwa wajomba walimpa karatasi isemayo kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, naye karatasi hiyo ameiacha ndani.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bisibisi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko kuanzia mwaka 1993 hadi 1999, na huko, akiwa darasa la tano, aliifungua kwa kipande cha waya ofisi ya mwalimu mkuu iliyopotelewa na ufunguo, mwalimu mkuu akamshukuru mbele ya shule nzima, kisha akamchapa viboko viwili ili asirudie. Wazazi walipofariki mwaka 2001 alilelewa na dada huyu, akajifunza ufundi wa kufuli, na Februari 2009 akafungua kibanda chake, ambako hakuwahi kumcheka mteja aliyeleta kufuli zima na ufunguo usio wake, ingawa jioni nyumbani alitusimulia habari zao wote. Tarehe 6 Agosti 2011 alifunga ndoa na mshonaji wa kibanda cha jirani, wakajaliwa mabinti wawili, ambao wameketi hapa mbele na mama yao.

Unga, yaani heroini, aliuanza mwaka 2017, akivuta na wenzake baada ya kazi, na sisi tuliomwita mvivu na mwongo hatukujua kwamba akiukosa alitetemeka, alitapika na kuumwa mifupa mpaka machozi, hali wanayoiita arosto, wala kwamba mwishoni hakuvuta kwa starehe bali apate kusimama na kushika zana. Januari 2022 alikwenda kliniki kwa miguu yake, akaanzishiwa methadoni, dawa ya kuzuia arosto anayoinywa mgonjwa kila siku mbele ya muuguzi, na kwa miezi kumi na sita hakukosa hata asubuhi moja, akanenepa, mkono ukatulia.

Dada yake hakuridhika. Alimwambia kwamba amebadilisha ulevi tu, kwamba mwanamume mzima hanyweshwi dawa kama mtoto, na tarehe 2 Mei 2023 akamtaka aiache, ajifungie chumba cha uani mpaka amalizane na mambo hayo, na kwa kuwa hakuna mlango uliomshinda Bisibisi, akamtaka afunge kitasa kwa nje, akabidhi ufunguo na zana zote. Marehemu alimweleza kwamba muuguzi amekataza kuacha ghafla, kisha, kwa heshima ya dada aliyemlea, akakifunga kitasa hicho kwa mikono yake, skrubu nne, akaingia.

Alikaa humo siku kumi na mbili. Dada alimsikia akigonga na kumwita, akaketi upande wa pili wa mlango na ufunguo mkononi, asifungue, na alipotoka, amekonda lakini anacheka, majirani walikuja kutupongeza. Tarehe 19 Mei, saa nane mchana, mkewe alimkuta kibandani ameinamia meza ya kazi, hapumui, na kwenye korido ya hospitali muuguzi alimweleza dada kwamba mwili uliokaa bila unga na bila dawa huwa umeshapoteza uzoefu wa kuuhimili unga, na mtu akirudia kuvuta, kiasi kilekile cha zamani ndicho kinachoua.

Basi dada anasema mbele yenu kwamba ndugu yake alikuwa mgonjwa aliyepata dawa, na yeye ndiye aliyemtoa kwenye dawa.

Familia inawashukuru madaktari, muuguzi wa kliniki, majirani na mafundi wenzake, na inawaomba wale rafiki zake wanne waliosimama nje ya geti kwa aibu waingie, wakae na wafiwa. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi dada atakuwa hapo getini, na yeyote kati yao atakayetaka kwenda kliniki atamsindikiza, hatamuuliza kitu. Kitasa cha chumba cha uani amekifungua jana, skrubu zote nne, kwa bisibisi ya marehemu.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu.