Mayige na Kiti cha Ntemi

Watumishi wa Mungu, viongozi wa Serikali, wana ukoo na majirani mliojaa uwanja huu wa Bariadi, naomba mnisikilize, mimi Harieth, mtoto wa kwanza wa Mayige Salu, niwaeleze alivyoishi baba kabla hatujampeleka Kalemela kumzika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1963 kijijini Kalemela, ambako leo ni Wilaya ya Busega, akasoma shule ya msingi hapohapo mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari mjini Mwanza, na mwaka 1984 akahitimu masomo ya mifugo, akaajiriwa Januari 1985 na kupangiwa Kiloleli, alikochanja ng'ombe na kusimamia josho hadi alipohamishiwa Bariadi mwaka 2009.

Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na mama yetu, Ng'washi, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Marcelo na Precious, na ingawa mama aliolewa peke yake, tangu mwaka 2015 amekuwa akisema ana mke mwenza.

Mke mwenza huyo ni pikipiki ile iliyosimama kando ya jeneza. Mei 2013 dume lilimbana baba kwenye nguzo ya josho, goti la kulia likapona lakini halikukunjika tena, hivyo mwaka 2015 akaenda Lamadi kwa Kasmiri, fundi wa kuchomelea, wakaikata pikipiki ya kawaida, wakaiwekea kiti cha gari chenye mgongo, chini karibu na ardhi, na sehemu za kukanyagia wakazisogeza mbele, akawa anaendesha ameegemea, miguu imenyooka, kama chifu wa Kisukuma kitini pake, watu wakaiita Kiti cha Ntemi. Kwa kuwa si adabu kuwanyooshea wazee miguu, kila alipowaona alisimama mbali, akashuka, akaenda kuwaamkia kwa mguu.

Ilikuwa na kiti kimoja tu, na hakumpakia mtu. Ililala sebuleni, ikadondosha oili kwenye mkeka wa mama, na nilipoleta cheti changu cha chuo kikuu mwaka 2021, baba alinipongeza huku mkono mmoja ukiendelea kufuta tangi. Nilijifunza pikipiki kwa ya ofisi, kazini Maswa, kwa kuitamani ya kwake, lakini kila nilipoiomba alijibu, "Miguu yako haifiki, mwanangu." Baba mdogo Jilala naye hakuficha, alimwambia mbele yetu, "Kaka, ukitangulia, kiti hicho changu," naye akamjibu, "Kikikukubali."

Desemba 2024 figo zilianza kumsumbua. Nilipokuja likizo alinikalisha sakafuni, akanipima kwa kamba kutoka kiunoni hadi kisiginoni, nikadhani anataka kunitengenezea kochi, kisha pikipiki ikapelekwa Lamadi, na huku nyuma akawa anaiulizia kabla ya kuulizia dawa zake, hadi mama akamwuliza, "Mgonjwa ni wewe au ni yeye?" Tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa hospitalini hapa Bariadi, baba alifariki dunia.

Jana Kasmiri aliirudisha, na baba mdogo akawa wa kwanza kuikalia, magoti yakamfika kidevuni, nanyi mliokuwepo mkacheka msibani.

"Mbona imesinyaa?" akauliza.

"Haijasinyaa, mzee," akajibu Kasmiri. "Marehemu aliniletea kamba, akasema nifupishe, ni mguu wa Harieth."

Mama akasema, "Shuka, shemeji. Mwenyewe yupo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kukesha nasi, wenzake wa idara ya mifugo, na wewe Kasmiri. Mali nyingine itazungumzwa siku ya kuanua tanga, lakini pikipiki haimo katika mazungumzo hayo, wala haiazimwi, Marcelo na Precious msiniombe, na wewe baba mdogo naomba usiiangalie hivyo. Leo nitaiendesha mbele ya gari lililombeba, na tukikaribia wazee wa Kalemela nitasimama mbali, nishuke, niende kuwaamkia kwa mguu.

Pumzika, baba, kwa amani, miguu yako yote miwili ikiwa imenyooka.