Mama Nyundo na Fungu la Vijiji

Baada ya miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha misitu, mpima magogo mkuu, ambaye sote tunamwita Mama Nyundo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Karani wa mapato ndiye aliyeombwa kuandika wasifu wake, na karani huyo ni mimi. Laiti angeombwa mwingine.

Alianza akiwa kibarua wa kitalu, akimwagilia miche. Baadaye akakabidhiwa utepe wa kupimia na nyundo ya mhuri, ile inayogongwa kwenye kila gogo kuonyesha kwamba limelipiwa. Bila nyundo yake, hakuna gogo lililovuka geti. Mfanyabiashara mmoja aliwahi kukalia gogo lake bovu akidhani halitakaguliwa. Mama Nyundo alilipima naye akiwa juu yake, kisha akaandika kwamba sehemu iliyokaliwa imeoza.

Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya kusoma mgawo mbele ya watu. Katika kila mia inayopatikana kwa mbao za msitu wa umma, hamsini huenda hazina, thelathini hurudi kupanda miti, na ishirini ni za vijiji vinavyopakana na msitu. Kila mnada ulipokwisha, alipanda juu ya gogo akasoma karatasi kwa sauti. Wanavijiji walimwamini, maana yeye ni jirani yao, nyumba yake ni ya tatu kutoka getini.

Kisha wakubwa wakaamua fungu la vijiji liazimwe kununua gari la ofisi. Nilijua. Hata hivyo niliandika karatasi kama kawaida, ishirini za vijiji, nikampa asome. Akasoma. Watu wakashangilia, wakachimba msingi wa zahanati. Fedha hazikufika, mwaka huo wala uliofuata. Alipouliza, nilimwambia ziko njiani.

Msingi ukaota nyasi, na kijijini wakasema Mama Nyundo amekula. Majirani wakamnyima salamu. Kamati ya nidhamu ilipomhoji, nilikuwa humo chumbani, kimya kama maji mtungini. Akahamishiwa getini, akafungua na kufunga kizuizi kwa miaka hii minne ya mwisho, cheo kikibaki kwa jina tu, nami nikipita asubuhi namwamkia. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Gari lenyewe, naona haya kulitaja, ndilo lililopangwa kumrudisha nyumbani baada ya sherehe.

Wiki iliyopita nilimpelekea rasimu ya wasifu huu. Nilikuwa nimeandika kwamba fungu halikwenda mwaka mmoja. Alivaa miwani, akasoma hadi mwisho, akaomba kalamu. Nilidhani atanihurumia, afute aya zangu za aibu.

“Ni miaka miwili, bwana karani,” alisema. “Na ule wa pili pia wewe ulinipa karatasi, nikasoma.”

Ni kweli, ilikuwa miwili. Nimesahihisha.

Asante, Mama Nyundo, kwa kila gogo ulilolipima kwa haki na kwa subira ambayo hatukuistahili. Desturi ingetaka tukutakie mapumziko ya raha, lakini raha gani mahali ambapo mtu hasalimiwi? Nakala ya maandishi haya nimeibandika mwenyewe leo kwenye mlango wa ofisi ya kijiji chako, na sahihi yangu iko chini. Kwanza wakusalimie. Heri nyingine zote tutakutakia baada ya hapo.