Chumvi ya Ng'ombe Jikoni Mwetu

Jumatano moja ya mwezi wa nne, mvua ikinyesha, nilijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia. Tulimzika karibu na migomba. Ndugu zangu wa chama, mimi si msemaji, na shule niliachia darasa la saba. Nitasema tu yaliyotokea.

Mimba ya pili sikumwambia mtu mpaka tumbo likajisema lenyewe. Nikichuma majani chai nilikuwa nasimama ghafla, kikapu mgongoni, nisikilize kama mtoto anacheza. Akikawia, sichumi tena mpaka acheze.

Shingo nayo ilikuwa imeanza kuvimba. Mama mkwe alisema ni mizigo ya kuni, hata yeye anayo, na mama yake alikuwa nayo.

Kliniki, muuguzi alinipapasa shingo, akataka nipimwe damu. Kisha akauliza tunapikia chumvi gani. Niliona haya. Kwetu tulichota ile ya ng'ombe, ya mawe, kutoka kwenye gunia, tukaiweka ndani ya kibuyu wazi juu ya meko ili isilowe. Akaniambia nimletee kidogo.

Niliporudi, alidondoshea dawa chumvi yangu na ya mama mmoja wa Nyakoe. Ya mwenzangu ikageuka rangi ya buluu. Yangu ikabaki vile vile. Yule mama akanishika mkono.

Nikauliza kama ndiyo iliyoniulia mtoto. Hakunidanganya.

"Hilo siwezi kujua, mama. Lakini huyu aliye tumboni anahitaji iodini, ubongo wake ukue, masikio yake yasikie. Hii yako haina, na shingo yako inaonyesha."

Nyumbani mama mkwe alicheka kwa uchungu. "Ng'ombe wangu wanailamba na wanazaa kila mwaka. Wewe una nini?"

Ndugu zangu, nawaambia, neno hilo lilinilaza na njaa. Lakini kesho yake nilinunua chumvi ya paketi yenye iodini, nikapika mboga za chinsaga, nikatia chumvi hiyo zikiwa karibu kuiva, kama nilivyofundishwa. Mama mkwe akaonja. Akatafuna kwa muda mrefu.

"Ni chumvi tu," akasema. "Ifunike basi, hapa kuna unyevu."

Yeye mwenyewe ndiye aliyepeleka kibuyu zizini.

Mtoto wa kiume alizaliwa akilia. Hofu haikutoka. Alipolala sana nilimgusa. Mlango ulipogongwa naye asishtuke, niliwaza masikio yake.

Namshukuru muuguzi yule, na mama wa Nyakoe aliyenishika mkono, na mama mkwe, ambaye hakusema pole lakini alifunika chumvi. Nanyi wamama wa chama hiki, kabla ya kununua, someni paketi kama imeandikwa iodini. Ya ng'ombe ibaki ya ng'ombe.

Leo asubuhi kijana wangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, amenipa mgongo. Nilisimama mlangoni, nikaogopa kidogo, kisha nikamwita kwa sauti ya chini. Akageuza kichwa.