Ewald Rautenbach na Wembe wa Jumamosi

Tumekusanyika leo, Jumatatu tarehe 20 Novemba 2023, hapa makaburini Widdert, kumsindikiza Ewald Rautenbach, fundi wa jiwe la kuchongea nyembe, mume wa marehemu Irmgard, baba, babu, na mtu mbishi kuliko wote waliowahi kukaa mtaa wetu. Mwenyewe alitaka wasifu wake uwe mfupi. Bintiye Gudrun, anayeusoma, hakumsikiliza akiwa hai na hataanza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Machi 1940, Jumapili ya Matawi, hapa hapa Widdert, katika mji wetu wa Solingen, akiwa mtoto pekee wa Wilhelm na Adele Rautenbach. Baba yake alikwenda vitani na hakurudi. Mabomu ya Novemba 1944 yalipoteketeza katikati ya mji, Ewald alikuwa na miaka minne, na alikumbuka jambo moja tu: mama yake akiwa ameketi kwenye ngazi za stoo ya chini, akimenya viazi kana kwamba hakuna kinachoendelea. Alipenda kusema kwamba ubishi aliunyonya siku hiyo.

Alisoma shule ya hapa mtaani kuanzia 1946 hadi 1954. Hesabu alizipenda. Kuimba alikatazwa na mwalimu. Aprili 1954, akiwa na miaka kumi na minne, aliingia kiwanda cha nyembe cha Nettesheim kama mwanagenzi.

Wembe wa kukunja hupita mikono mingi katika mji huu. Mmoja huufua, mwingine huupitisha motoni, kisha fundi wa jiwe hulichonga bapa kwenye jiwe la kuzunguka mpaka liwe jembamba kiasi cha kulia ukiligusa kwa kidole. Mnoaji ndiye hulitia makali ya mwisho. Na kila mmoja wao huamini kwamba ndiye aliyeutengeneza wembe. Mwaka 1957 Ewald alipeleka wembe wake wa mtihani. Fundi mkuu alipitisha makali juu ya ukucha wa dole gumba, chuma kikapinda kidogo kikarudi, naye akasema, "Huu unatosha." Wenyeji wa hapa wanajua kwamba hakuna sifa inayozidi hiyo.

Alifanya kazi kwenye jiwe lilelile kwa miaka arobaini na sita, hadi tarehe 30 Juni 2000. Familia inajivunia kila siku ya miaka hiyo, lakini kuna moja haiwezi kurukwa. Mwaka 1971 boksi la nyembe sitini lilirudishwa na mnunuzi wa Hamburg, makali yamemeguka. Mnoaji wa nyembe hizo alikuwa Bwana Hubert Melchers. Ewald alisema mbele ya watu kwamba Melchers alibonyeza mno. Melchers naye akajibu, mbele ya karakana nzima, "Sikubonyeza kitu. Wewe ndiye uliyeunguza chuma."

Fundi wa jiwe anayeacha bapa lipate moto kupita kiasi huliua, na lisiloshika makali halina tena kazi. Kumwambia hivyo mtu wa Solingen ni heri umtukanie mama. Tangu siku hiyo wawili hao hawakusalimiana kwa miaka thelathini na sita, ingawa Jumapili walikaa kanisani viti viwili tu mmoja nyuma ya mwenzake. Hakuna aliyemfukuza kazi Ewald, wala aliyemkata mshahara. Ila lile neno lilibaki, na lilimuuma.

Tarehe 25 Mei 1963 alikuwa amemwoa Irmgard, aliyefanya kazi ya kufunga nyembe kwenye karatasi ya mafuta ghorofa ya juu. Mama mkwe aliwazawadia mashine ya umeme ya kunyolea, na hiyo ndiyo Ewald aliyoitumia miaka yote. Ndiyo, mmesikia vizuri. Mtu aliyechonga nyembe maelfu kwa maelfu hakuwahi kujinyoa na hata mmoja. "Nishike wembe kutwa kazini, halafu niushike tena nyumbani?" alikuwa akiuliza. "Kwani mimi mgonjwa?"

Irmgard alifariki tarehe 9 Februari 2007. Marehemu aligeuka mtu wa kugombana na redio, na presha ikapanda. Daktari alimwambia, "Bwana Rautenbach, tafuta kitu cha kukutuliza. Kitu cha polepole." Wiki hiyohiyo, akitafuta kifungo katika mkebe wa cherehani wa mkewe, alikuta wembe wake wa mtihani. Irmgard alikuwa ameuficha humo, umefungwa kwa karatasi ya mafuta, na hakuwahi kumwambia. Ewald alikaa chini akalia. Kisha akachemsha maji.

Hapo alifanya kosa ambalo ni fundi wa jiwe peke yake anayeweza kulifanya. Aliupitisha wembe kwenye ukucha, ukapinda ukarudi, akasema unatosha. Akausahau kabisa mkono wa mnoaji. Alikuja mezani kwa Gudrun, penye wafo, vile vikate vitamu vya miraba, na matunda ya cheri ya moto, akiwa na vipande saba vya karatasi ya chooni usoni.

"Baba, umepigana na paka?"

"Nimejinyoa."

"Na paka alishinda?"

"Wembe hauna makali," alisema, na ilimchukua muda mrefu kuyatoa maneno hayo.

Jumamosi iliyofuata alivaa koti lake la kanisani, akapanda kilima hadi kwa Bwana Melchers, akagonga.

"Nani kafa?" aliuliza Melchers.

"Hakuna. Ninolee huu."

Melchers aliugeuza wembe kwenye mwanga. "Nani amechonga?"

"Mimi. Hamsini na saba."

"Ingia basi, usisimame hapo kama mtoza ushuru."

Aliunoa kwenye jiwe la maji asubuhi nzima, kisha akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi. Kuhusu 1971 hawakusema neno. Kuanzia hapo Jumamosi ikawa ya wembe: taulo la moto, povu lililopigwa kwa brashi, redio imezimwa, dakika arobaini na tano za mtu na uso wake. Presha ilishuka mpaka daktari akamuuliza anakula nini. Waliokuja kujifunza kujinyoa kwa wembe aliwapokea, na aliyetazama saa alimwambia, "Rudi nyumbani ukachomeke mashine yako." Watu tisa waliohitimu mikononi mwake wamesimama hapa leo, na nyuso zao mnaziona.

Mwaka 2018 madaktari walimkuta na ugonjwa wa Parkinson, na mikono ikaanza kutetemeka. Siku aliyouweka wembe chini mwenyewe hakula. Jumamosi iliyofuata Bwana Melchers alishuka kilima na brashi yake mfukoni kuja kumnyoa, na hakukosa Jumamosi hata moja kwa miaka mitano.

Tarehe 11 Novemba mwaka huu alikuja kama kawaida. Gudrun alikuwa ameshika bakuli la maji. Wembe ulipofika shingoni Melchers alisema, "Ewald, zile za sabini na moja nilizimega mimi. Mke wangu alikuwa hospitali, nilikuwa na haraka, nikabonyeza kama kichaa. Chuma chako hakikuwa na kasoro."

"Unaniambia sasa, wembe uko shingoni?"

"Ndiyo nafasi pekee usiyoweza kunipiga."

Marehemu alicheka mpaka ikabidi wembe uondolewe. Kisha akasema, taratibu, kwa maana sauti ilikuwa imeisha, "Waambie na wengine. Haya, malizia."

Alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa tatu asubuhi, kitandani kwake, akiwa na miaka themanini na mitatu. Mtu wa majeneza alikuja na mashine ya umeme ya kumnyolea. Bwana Melchers alimwomba akasubiri nje.

Marehemu ameacha binti yake Gudrun na mkwewe Volker, wajukuu wawili, Svenja na Maren, na rafiki yake Hubert Melchers. Wembe hauzikwi naye. Wataurithi wajukuu, na wameshaambiwa wapi pa kuunoa.

Bwana Melchers ana miaka themanini na sita na sauti yake haifiki mbali. Amesimama hapa kando ya kaburi, kofia mkononi, ili kila mtu amwone, na ameomba lisemwe kwa niaba yake mbele ya wote waliolisikia lile neno karakanani na bado wako hai: Ewald Rautenbach hakuunguza chuma. Hata siku moja.

Pumzika kwa amani, Baba. Wengine wameambiwa.