Fainali ya Kiti Chenye Mgongo

Kijiweni kwetu tunakalia mbao zilizolazwa juu ya matofali, na ukikaa sana unanyanyuka umepinda. Ndiyo maana dada wa kahawa alipoleta kiti chenye mgongo, akatangaza kwamba bingwa wa drafti atakikalia mwaka mzima, watu wazima tukaanza kununiana. Fainali wakaingia wawili: Kinyozi, aliyekitaka kwa sifa tu, na Fundi Viatu, ambaye mgongo wake haumpi usingizi. Mimi nilikuwa upande wa Fundi, sifichi. Vizibo vya Kinyozi vililala kifudifudi, vya Fundi chali, na vilikuwa vimebanana hivi kwamba atakayesogeza kwanza analiwa vyote. Tangu hapo wote wawili waliiinamia drafti, kimya. Kiti kilikuwa pembeni, kitupu.

Aliyeanza ni Ripota, ambaye hata mvua akiiona anaitangaza.

RIPOTA: Wasikilizaji, hali ni tete! Kinyozi hapepesi hata jicho!

Daktari akadakia. Huyu tulimpa jina hilo kwa sababu aliwahi kulinda geti la hospitali.

DAKTARI: Damu yote imempanda kichwani. Mguse miguu uone ilivyo baridi.

RIPOTA: Mguse wewe.

DAKTARI: Leo si zamu yangu.

DADA WA KAHAWA: Kahawa yao imeshapoa. Niwaongezee ya moto?

DAKTARI: Usiwasogelee! Mvuke tu unamtoa mtu kwenye hesabu.

MIMI: Fundi, mgongo vipi?

Fundi akakunja uso tu.

RIPOTA: Mmeona? Hayo si maumivu, huo ni mtego! Anataka Kinyozi amwonee huruma.

DAKTARI: Kinyozi ana huruma gani? Mimi alininyoa nusu kichwa akaenda kula.

RIPOTA: Basi hawa wanaongea.

MIMI: Wanaongea na midomo imefungwa?

RIPOTA: Kwa nyusi! Wamekubaliana watoke sare, wakikate kiti. Mmoja achukue mgongo, mwenzake miguu.

DADA WA KAHAWA: Kiti changu hakikatwi!

DAKTARI: Sikilizeni mtu aliyeona mambo. Mmoja wao amelala macho wazi. Hospitalini kuna mgonjwa alilala hivyo wiki nzima, na chakula anakula.

RIPOTA: Si ulikuwa getini wewe?

DAKTARI: Geti lilikuwa karibu na wodi.

Ndipo akaja mama mmoja anachechemea, mguu mmoja umevaa kiatu, kingine kiko mkononi na soli inaning'inia.

MAMA WA KIATU: Habari za hapa. Fundi, nishonee hiki, baba, nawahi kazini.

RIPOTA: Shii! Fainali hii, mama!

MAMA WA KIATU: Haya, samahani. Zamu ya nani?

Ripota akawageukia wachezaji.

KINYOZI: Yake.

FUNDI VIATU: Yake.

Wakainua vichwa, wakatazamana.

KINYOZI: Si nakungoja wewe muda wote huu!

FUNDI VIATU: Mimi ndiye nakungoja! Mgongo umekufa nakungoja wewe!

KINYOZI: Basi cheza.

FUNDI VIATU: Nicheze niliwe?

Tukamgeukia Ripota.

RIPOTA: Mimi natangaza tu, jamani. Sifuatilii.

Tukamgeukia Daktari. Daktari akaanza kuchungulia ndani ya kikombe chake kitupu.

MAMA WA KIATU: Basi mkikumbuka mtaniambia.

Akavuta kile kiti, akakaa, akaegemea, akafumba macho.

MAMA WA KIATU: Aaah! Jamani, kumbe mna raha hivi hapa?

Hakuna aliyethubutu kumwinua. Fundi alikitazama kiti, na roho iliniuma, nasema kweli. Kisha akanyoosha mkono.

FUNDI VIATU: Lete kiatu, mama.

Akakishona palepale kwenye mbao, amejikunja, jicho moja kwenye sindano na jingine kwenye drafti, asije Kinyozi akamzuga. Na kila alipovuta uzi, nyuma yake kiti kilitoa mlio mdogo, mama anaegemea vizuri zaidi.